Panya wa Saba

Mtunza wanyama wa maabara alikuwa na kovu la meno kwenye kidole gumba, alama aliyoachiwa na panya wa saba. Kwa hiyo asubuhi aliyomtoa kizimbani kumpima uzito, panya akatulia tuli kiganjani, yeye akaingiwa na wasiwasi.

Panya wa pale walipandikizwa saratani ya ngozi kwenye mguu wa nyuma. Daktari aliyeongoza majaribio aliufunga mguu kwa mpira juu ya paja, akapitisha dawa kali kwenye mishipa ya mguu huo peke yake, kisha akaisafisha mishipa hiyo kabla ya kuufungua. Dawa ikivuja mwilini, inaua. Ikibaki mguuni, huenda mguu ukapona bila kukatwa. Panya wa saba ndiye aliyewashinda wote: uvimbe ulikuwa umeisha kabisa, na picha zake zilishaandaliwa kwa ajili ya mkutano.

Mtunza wanyama alitamani iwe kweli. Shangazi yake, aliyemlea, alikuwa na saratani hiyohiyo kwenye unyayo, na hospitali walishataja kukata chini ya goti kabla haijasambaa.

"Waambie hao panya wako wafanye haraka," shangazi alizoea kumtania.

Alimsogeza panya kwenye mwanga. Alama za namba hukatwa sikioni mapema, hata kabla ya saratani kupandikizwa. Za huyu zilikuwa bado na damu iliyoganda.

"Daktari, sikio la huyu limekatwa juzijuzi."

"Panya wanang'atana, mama."

"Huyu anakaa peke yake."

Daktari hakuinua macho kwenye daftari. "Basi amejikwaruza. Mrudishe, nitamwangalia mwenyewe."

Tangu siku hiyo Daktari, ambaye hakuwahi kujua hata gunia la chakula linawekwa wapi, akaanza kuwalisha panya kwa mkono wake. Friza ya kuhifadhia mizoga nayo akawa anaifunga kwa ufunguo.

Siku moja aliusahau ufunguo mezani. Mtunza wanyama akafungua friza, na chini kabisa akakuta mfuko usio na maandishi. Ndani mlikuwa na panya mwenye alama ya saba, kovu la sikio limekauka zamani, uvimbe bado mguuni. Alisimama mpaka vidole vikafa ganzi. Angeurudisha mfuko, shangazi angeendelea kuwa na tumaini.

Aliupeleka kwa mkuu wa maabara.

Daktari alipoitwa hakubisha. "Mpira uliteleza," alisema akitazama sakafu. "Dawa ikaingia mwilini, akafa kesho yake. Niliogopa mtasimamisha kazi yote."

"Na huyu mwingine?" mkuu akauliza.

"Hakuwahi kuwa na saratani."

Daktari akaondolewa, na majaribio yakaanza upya.

Jumapili mtunza wanyama alimweleza shangazi yake kila kitu.

"Kwa hiyo dawa haifanyi kazi?"

"Hatujui, shangazi. Labda inafanya. Sasa hata wale panya wengine waliopata nafuu hakuna anayewaamini."

Shangazi alivuta kanga akafunika mguu. "Ungenyamaza, ningeingoja hiyo dawa."

"Najua. Ndiyo maana sikunyamaza."

Wiki mbili baadaye mguu ulikatwa. Shangazi alipozinduka aliuliza kama kule maabara wameshaanza tena. Akaambiwa wameanza. Akageukia ukutani, na mtunza wanyama, aliyekaa pembeni ya kitanda, hakujua kama amelala au amemkasirikia.