Mwiko Uliovuka Bahari

Ukimtuma mtu Japani akuletee nguvu za miungu, naye arudi na mwiko wa kupikia, utamfanya nini? Swali hilo lilimkosesha Olanya raha, na Jumapili hiyo Kapteni alikuwa njiani kuja nyumbani kwa Olanya, Bugolobi, kulijibu mwenyewe.

Olanya alikuwa fundi wa malori ya polisi. Alipopelekwa Japani kujifunza injini, Kapteni alimvuta pembeni. Shemeji yake Olanya, aitwaye Ocen, alikuwa selo kwa Kapteni huyo kwa kosa la kucheka msafara wa wakubwa ulipopita. "Huko iko kisiwa ya miungu," Kapteni alisema. "Leta dawa ya kulinda kiti yangu, tutaongea habari ya shemeji yako. Ukirudi mikono mitupu, usiniulize yeye iko wapi."

Na kisiwani alifika, asisingiziwe! Wenyeji waliwavusha yeye na wenzake wa mafunzo kwa kivuko, kwenda na kurudi siku moja. Aliona mlango mwekundu, mrefu kama ghorofa, umesimama baharini bila nyumba nyuma yake. Akavua viatu hekaluni, soksi iliyotoboka ikamwaibisha mbele ya sanamu. Akanunua hirizi ya karatasi, akaitia mfukoni, akajiambia Ocen amepona.

Ndipo akaja paa. Kule paa wanatembea barabarani kama wenye mji, maana ni wajumbe wa miungu, hawaguswi. Mmoja akamnusa Olanya, akachomoa hirizi, akaitafuna huku anamtazama usoni. Jamani! Mwacholi mzima, aliyefundishwa mkuki kabla ya kufundishwa kusali, amesimama anatazama mboga ikimla yeye! Mkono ulimwasha. Lakini unampigaje kofi mjumbe, halafu uende kuomba msaada kwa aliyemtuma? Olanya akainama, akamsalimu kwa adabu. Paa akameza.

Kivuko kilikuwa kinapiga honi. Karibu na gati palikuwa na kiduka cha miiko ya mbao, ambayo ndiyo sifa ya kisiwa kile. Akanyakua mmoja kwa ajili ya mke wake Filda, akakimbia, moyo umemvunjika kabisa.

Na sasa Kapteni huyo mlangoni, bastola kiunoni. "Dawa yangu?"

Olanya akaingia jikoni. Filda alikuwa anasonga posho, ugali wa mchana. Akamnyang'anya mwiko ule wa kisiwani, akautoa unadondosha posho, akaukabidhi kwa mikono miwili.

"Hii iko na posho," Kapteni akasema.

"Inakula, afande."

Kapteni akainamisha kichwa kwa heshima. Dawa inayokula aliielewa. "Na masharti yake?"

Olanya akakumbuka maneno ya mwenyeji aliyewatembeza kisiwani, na haya hakuyatunga. "Afande, tangu zamani kule hakuna ruhusa ya mtu kufa. Mgonjwa anavushwa ng'ambo kabla hajakata roho. Sasa huu ni mtoto wa kisiwa. Mtu akifia mkononi mwa mwenye nao..."

"Itafanya nini?"

"Mimi niko fundi ya malori tu, afande."

Banange, jamani! Kapteni alitokwa jasho mpaka kola ikalowa. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo, "Na mtu ambaye iko selo, tayari anaumwa?"

Jikoni mfuniko ulianguka. Ilikuwa mara ya kwanza Filda kusikia kwamba kaka yake bado anapumua.

"Mvushe, afande," Olanya akasema. "Haraka."

Kabla giza halijaingia, Landrova ya Kapteni ikamshusha Ocen pale mlangoni, miguu mitupu, mbavu zinahesabika. Ikaondoka. Ikarudi na wengine wawili ambao hakuna aliyewajua. Ikarudi tena. Kapteni hakutaka kubahatisha, alikuwa anawavusha wote, na ng'ambo aliyoijua ilikuwa kwa Olanya. Sebule ikajaa watu wanaoketi kwa kuegemeana. Filda akasonga posho yao kwa mpini wa ufagio, machozi yanamtiririka, huku anamgombeza mumewe: "Baba Amito, mtu anakwenda Japani analeta mwiko mmoja?"

Ocen akataka kujua mwiko una habari gani. Olanya akamsimulia yote, mlango, soksi, paa. Alipofika kwenye kumsalimu paa, mabega ya Ocen yakaanza kutetemeka, kisha kicheko kikamtoka, kile kile cha zamani. Filda akaruka, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili vyenye unga. "Nyamaza! Si ndicho kilichokupeleka selo?" Lakini hakubaki na mkono wa kuziba kicheko chake mwenyewe.