Kikombe Kimoja cha Mbolea

Mume wangu Juaaka ni mtu mwema, lakini ukimpa gunia la mbolea akili yote humtoka. Nasema hivyo mbele yake, na nitasema tena.

Tangi letu la dizeli lilipasuka wakati wa baridi, chini ya theluji, wala hatukujua. Theluji ilipoyeyuka ndipo harufu ikatupiga puani. Shamba la nyasi la nyuma ya nyumba lilikuwa limelowa dizeli karibu lote. Nikakaa kizingitini nikalia. Huku kwetu kusini mwa Greenland udongo hauokotwi; ukichimba shubiri moja unagonga mwamba. Shamba lile mama mkwe alilitengeneza kwa mikono yake, akiondoa mawe na kumwaga samadi mpaka mgongo ukapinda. Ndilo linalolisha kondoo wetu miezi yote ya theluji.

Halmashauri wakaja, wakanusa, wakaamua udongo wote uchimbwe, upakiwe melini, upelekwe Denmaki. Nikawauliza sisi tutabaki na nini. Mmoja akanijibu kwamba tutabaki na mwamba safi. Nilitamani kummwagia kahawa.

Aliyetutetea ni binti mmoja kutoka mji mkuu, Nuuk, jina lake Naasu, mtaalamu wa udongo. Alitwambia kwamba ndani ya udongo wetu wenyewe mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, na vinakula dizeli.

"Mbona hii hawaili?" nikamuuliza.

"Wanaila, mama, ila polepole. Baridi inawachelewesha, na dizeli peke yake haiwatoshi. Inabidi wapate nitrojeni na fosforasi, yaani mbolea, na hewa, na joto kidogo. Hapo utawaona."

Halmashauri wakakubali kwa shingo upande. Wakatupa majira mawili ya kiangazi. Baada ya hapo, dizeli ikizidi kiwango, katapila linakuja.

"Mbolea ninayo tele ghalani," Juaaka akasema, na macho yakamwaka.

"Kidogo kidogo, baba," Naasu akamwambia. "Kikombe kimoja kwenye pipa la maji, mara moja kwa wiki."

"Kikombe kimoja," Juaaka akarudia, kama mtu aliyeambiwa alishe fahali kwa kijiko cha chai.

Tukapindua udongo, tukaufunika kwa plastiki nyeusi ya kufungia nyasi ili jua liupashe moto. Naasu akarudi Nuuk. Haukupita muda, siku moja nimeshuka ufukweni kusafisha samaki, narudi namkuta bwana mkubwa anakung'uta magunia matupu. Alikuwa amemwaga mbolea kama anavyomwagia nyasi kila mwaka, tena akaongeza.

"Nimewakirimu hao wageni wako wa udongoni," akaniambia, anatabasamu.

Naasu aliporudi kupima, dizeli ilikuwa karibu vilevile. Juaaka alisimama kofia mkononi.

"Mbolea ni chumvi, baba," Naasu akamwambia taratibu. "Umewahi kula samaki wa chumvi kutwa nzima bila maji? Ndivyo ulivyowafanya. Wamekauka."

"Basi nimewaua."

"Hawajafa wote. Wamenuna."

Mimi nilinuna zaidi yao. Nilimwambia akalale na kondoo, na akaenda kweli, mpaka miguu yangu ilipopata baridi nikamwita.

Baridi ile tulilisha kondoo kwa nyasi za kukopa kwa shemeji yangu Enok. Alitoa kwa moyo mmoja, lakini alinena waziwazi kwamba kama shamba litachukuliwa hatatoa tena, maana na yeye ana kondoo. Kiangazi cha pili tukaanza upya. Tulimwagilia maji ya kijito mpaka chumvi ikapungua, tukapindua udongo kwa uma wa shambani, tukafunika. Ufunguo wa ghala niliuning'iniza shingoni. Kila wiki Juaaka alikuja kwangu na kikombe chake mkononi kama mtoto wa shule, nami nampimia.

"Mwaka huu umenipania," aliniambia.

"Sijaanza bado."

Harufu ikapungua, lakini pua si kipimo. Naasu alichukua udongo kwenda nao maabara, na majibu yakachelewa. Kondoo tukawateremsha kutoka milimani. Meli ya machinjio ilikuwa njiani, kwa hiyo Juaaka alichukua rangi nyekundu, akawapaka mgongoni, alama ya kwenda kuchinjwa, kondoo majike tusioweza kuwalisha bila shamba. Ilikuwa nusu ya kundi. Alikuwa anamjua kila mmoja na mama yake. Aliniambia ni rangi imemwingia machoni.

Katapila likatangulia kufika kuliko majibu. Dereva, bwana mmoja mnene aitwaye Tittus, akapanda kutoka gatini.

"Mama, nianzie wapi?"

"Anzia kwenye kahawa," nikamwambia.

Kwetu mgeni hakatai kahawa, wala haachi keki sahanini. Nikamkatia ya zabibu, nikamkatia ya krimu, nikaoka nyingine huku anakula. Alikuwa amefungua kifungo cha suruali simu ilipolia. Ilikuwa Naasu, anamtaka Juaaka.

Juaaka akasikiliza. "Rudia," akasema. Akasikiliza tena, kisha akakaa chini, simu bado sikioni. "Iko chini ya kiwango. Anasema iko chini sana."

Nikapiga vigelegele mpaka mbwa wakaitikia. Nikambusu Juaaka, nikambusu na Tittus, ambaye mdomo ulikuwa umejaa keki.

"Sasa mimi nimefuata nini huku?" Tittus akauliza.

"Lipo tangi bovu nje," Juaaka akamjibu. "Libebe, ulipeleke mbali na macho yangu."

Akalibeba kweli. Jioni Enok akaja kuunusa udongo, akasema kama shamba lipo, nyasi za kukopesha zipo.

Meli ya machinjio iliondoka na wanakondoo wa mwaka ule tu. Juaaka akachukua ndoo na sabuni kwenda kuwaosha wale majike.

"Waache hivyohivyo," nikamwambia. "Nataka halmashauri wakipita wawaone."

Wakabaki na migongo yao myekundu mpaka tulipowanyoa, na kila walipotoka zizini asubuhi kukanyaga theluji, nilisimama dirishani nikacheka peke yangu.