Jina Alilolitaja Gladness

Sauti iliyotoka kinywani mwa Gladness haikuwa ya msichana wa kidato cha pili. Ilikuwa sauti ya mzee mvuta sigara, nzito, yenye mikwaruzo, na watu wote waliokuwa ndani ya Kanisa la Nguzo ya Moto, pale Madimba, walivuta viti vyao nyuma kwa pamoja. Mama yake peke yake ndiye aliyebaki pale alipokuwa. Si kwamba Mwalimu Martha alikuwa jasiri. Miguu ilikuwa imemfa ganzi.

"Nina majina mengi kuliko mchanga wa Msimbati!" ile sauti ilinguruma. "Utanifukuza kwa lipi?"

"Moto!" waumini wakaitikia. "Moto! Moto!"

Martha alishtuka kama ambavyo mzazi yeyote angeshtuka kumwona mwanawe wa pekee amelala jukwaani, macho yamegeuka, povu mdomoni. Kisha akashtuka upya, kwa namna nyingine kabisa. Maneno yale aliyajua.

Yalitoka kwenye filamu. Ilikuwa filamu ya zamani ya kizungu, ya mtoto aliyeingiwa na shetani na padri mwenye mashaka anayetumwa kumtoa. Waliiona Desemba sebuleni kwa wifi yake, Mtwara mjini, ikiwa imetafsiriwa na kijana mmoja wa hapo hapo mjini anayejiita DJ Kisu. Hawa watafsiri kila mtu anawajua: hawafuati kilichosemwa, wanatia chumvi zao. Padri akipanda ngazi, DJ Kisu anasema anakwenda kama mtu aliyetumwa kijijini Ziwani akasahau alichotumwa. Shetani akifungua kinywa, DJ Kisu anampa mchanga wa ufukweni Msimbati. Hapakuwa na shetani mwingine duniani anayezungumza hivyo. Martha, mtoto wa Wamoraviani wa Tukuyu, asiyekosa ibada, aliitazama filamu ile mpaka mwisho bila kupepesa macho, na tangu wiki ile mwanawe akawa anaamka akipiga mayowe. Ndiyo maana akamleta kwa mchungaji.

"Wapendwa," Mchungaji Kelvin alisema kwenye maikrofoni, mkono wake wa kushoto umekandamiza paji la uso wa Gladness. Alikuwa kijana wa suti ya kubana, jasho linamchuruzika. "Mnajua ninachowafundisha siku zote. Pepo akiulizwa kwa jina la Yesu, anaweza kudanganya?"

"Hawezi!"

"Wewe pepo mchafu! Nani amekutuma?"

Gladness alitikisa kichwa.

"Nani amekutuma? Mtaje! Nani amekutuma?"

Aliuliza, akauliza, maikrofoni ikipiga kelele, ngoma ikipigwa, mkono hauondoki. Macho ya Gladness yalirudi mahali pake. Yakatafuta. Yalimfikia mama yake, yakasimama hapo kitambo, yakajaa machozi, yakampita. Yakaenda mpaka benchi la mwisho.

"Bibi Luisa," akasema. Sasa kwa sauti yake mwenyewe, ndogo.

Ngoma ilinyamaza.

Bibi Luisa alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho, rozari mkononi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia kanisa lile. Mwaka mzima Martha alikuwa akimbembeleza. "Njoo siku moja tu, bibi, hutaliwa," na bibi akicheka, "Mie na rozari yangu, mwalimu? Mchungaji wako si atashikwa homa?" Alivushwa mto Ruvuma mgongoni mwa mama yake, enzi za vita vya ng'ambo, Msumbiji, na mashavuni alikuwa na nembo zile za Wamakonde wa zamani, mistari iliyopindana kama miba ya samaki. Gladness alipokuwa mdogo, na Martha anafundisha mpaka jioni, ni bibi huyo jirani aliyemlea, akamfundisha kuchimba ming'oko, viazi vya porini, na kuichemsha mpaka iive. Leo amekuja kwa sababu ameambiwa mjukuu wake anaombewa.

"Mie?" alisema. Akatazama kushoto na kulia, kana kwamba kuna Luisa mwingine.

"Si mnaona alivyochorwa usoni?" mwanamke mmoja alisema. "Tulikuwa tunaona, tunanyamaza."

Fadhili ndiye aliyesimama. Fadhili mpokea wageni, kijana mpole, mwenye tabasamu mlangoni kila Jumapili. Mtoto wake wa kwanza alikufa masika yaliyopita, homa ya ghafla, na tangu hapo hakuna aliyemsikia akilia. Alikwenda mlangoni akatia komeo. Kisha akachukua mti wa kufungia dirisha, mkangazi mnene, akaupima mkononi.

"Kumbe ni wewe," alisema taratibu. "Ulikuja matangani kwangu. Ukanipa pole. Kumbe ni wewe."

"Fadhili, baba, mimi nime..."

"Usiniite baba!"

"Wapendwa, tulieni," Mchungaji Kelvin alisema, ila alisema kama mtu anayejisemea mwenyewe. Rangi ilikuwa imemwisha. Simu zilikuwa zimeinuliwa juu, zinarekodi.

Hapo Martha akapata miguu yake. "Ni filamu!" alipiga kelele. "Mchungaji, nisikilize! Hayo maneno ni ya filamu, neno kwa neno! Mtoto ameyakariri! Hana pepo!"

"Mama Gladness, kaa chini. Shetani anatumia vyote, hata filamu."

"Hana pepo nakwambia!"

"Mwalimu anamtetea mchawi," yule mwanamke akasema tena. "Wanakula chungu kimoja hao. Mnashangaa nini?"

Fadhili alikuwa ameshafika benchi la mwisho. Bibi Luisa hakukimbia, angekimbilia wapi? Aliinua mkono mmoja usoni, kiganja wazi, rozari inaning'inia.

Martha alimwambia Mungu neno moja tu: nisamehe. Kisha akajiachia.

Alianguka chali, kishindo kikatikisa jukwaa la mbao, akafungua kinywa akaitafuta ile sauti. Alidhani itamsumbua. Haikumsumbua. Ilikuja upesi, ikamkaa kooni.

"Fadhili!" ilinguruma. "Weka mti chini!"

Fadhili aligeuka. Kila mtu aligeuka. Watoto wakaanza kulia.

"Mimi ndiye niliyekuwa kwa yule binti. Nimehama. Niko huku sasa."

"Toka!" Mchungaji Kelvin alisema. Maikrofoni ilimponyoka, ikabiringika, akainama kuiokota mara mbili. "Kwa jina la Yesu!"

"Niulize kwanza. Si unapenda kuuliza? Niulize kama Luisa amenituma."

Mchungaji alisogeza maikrofoni mdomoni. "Luisa... amekutuma?"

"Hakunituma. Nilimsingizia. Mikono ya yule bibi ni safi."

"Anadanganya huyo!" Fadhili alifoka. "Mchungaji, anadanganya!"

"Mwambie, mchungaji," ile sauti ikasema, sasa kwa upole wa kutisha. "Mbele ya kondoo wako. Nikiulizwa kwa jina lile, naweza kudanganya?"

Kijana yule wa suti aliwageukia waumini. Waumini walikuwa wanamtazama. Kama pepo hadanganyi, bibi hana kosa. Kama pepo anadanganya, basi alidanganya tangu mwanzo, na mafundisho yote ya Jumapili zote yameanguka pamoja naye.

"Hawezi," alisema mwishowe, kwa sauti ya kukauka.

"Basi nani?" Fadhili alikuwa analia sasa. "Nani? Niambieni nani!"

Hilo Martha hakuwa amelifikiria. Alilala pale akiwasikia wote wakisubiri, na akaelewa kuwa bila jina hawatatoka mle ndani. Watalitafuta wenyewe, na watalipata kwa mtu mwingine asiye na wa kumtetea.

"Nani!" kanisa lilipokea.

"Huyu huyu niliyemlalia," ile sauti ilisema. "Martha. Mimi nilianzia kwake."

Alitaka kuishia hapo. Kinywa hakikutaka. Kilicheka, kicheko kirefu kisicho na pumzi, na Martha akang'ang'ania kukifunga kinywa, akashindwa, akatafuta Baba Yetu kichwani mwake, sala aliyoijua kabla hajajua kusoma, akakuta neno la kwanza tu, halina la kulifuata. Ndipo akaogopa kweli. Aliogopa kuliko alivyoogopa ule mti.

Mtu alipiga magoti kando yake. Alisikia harufu ya moshi wa kuni, akahisi ncha ya kanga ikimfuta povu.

"Inuka, mwalimu," Bibi Luisa alimnong'oneza sikioni. "Basi. Wamesharidhika. Inuka, mwanangu."

Kicheko kilikatika. Fadhili alikuwa amekaa sakafuni, mti mapajani, anamlilia mtoto wake kwa jina. Mtu akafungua komeo.

Jioni hiyo, kabla ya magharibi, mama na mtoto walikaa jikoni bila kuwasha moto. Simu ya Martha ilikuwa inatetemeka mezani: mume wake Godfrey, aliyekuwa kazini bandarini Mtwara. Video imeshamfikia. Hakuipokea.

"Gladness. Kwa nini umtaje bibi?"

Gladness aliigeuza simu kifudifudi.

"Filamu ni filamu, sikulaumu, ungekuwa na woga ungeniambia. Lakini bibi yako?"

"Mama, ile filamu mimi sikuiona."

"Usinidanganye tena leo. Tulikaa kochi moja."

"Shangazi alinitoa mwanzoni kabisa. Alisema si ya watoto, akanipeleka kulala na mwanawe Upendo. Wewe hukugeuka hata. Alikuita, hukusikia."

Martha alimtazama mwanawe. Nyumba yao, kama nyumba zote za walimu pale, haikuwa na dari. Kuta ziliishia katikati, bati likawa moja kwa vyumba vyote, na mtu akigeuka kitandani chumba hiki, wa chumba kile anasikia.

"Sasa maneno yale uliyatoa wapi?"

Gladness alianza kulia. "Kwako."

"Kwangu?"

"Usiku. Ukilala unaongea, mama. Kwa sauti ile. Kila siku tangu tumerudi kutoka Mtwara. Unasema una majina mengi, unauliza watakufukuza kwa lipi, unacheka. Mimi nikipiga kelele unaamka, unakuja kuniuliza mwanangu umeota nini." Alijifuta pua kwa mkono. "Nimeshayashika yote."

Martha alishika ukingo wa meza.

"Mchungaji alivyokuwa ananikandamiza, nikajua watu wakianguka wakaongea anawaachia. Nikaanguka. Nikasema yale ninayoyajua. Lakini akawa anauliza nani, nani, haachi. Ningesemaje, mama? Ningekutaja wewe?"

"Ukamtaja bibi."

"Nilidhani watamuombea tu."

Martha alitoka akaenda moja kwa moja kwa Mchungaji Kelvin. Alimkuta uani, bado na suti yake, akamweleza yote, wazi, kwa sauti yake ya darasani: filamu, ndoto, nyumba isiyo na dari, mtoto kuogopa, yeye kuigiza. Alieleza vizuri. Hakuna alichoacha, isipokuwa kile kicheko. Mchungaji alimsikiliza akiwa ameikumbatia Biblia kifuani. Mwisho wa kila sentensi alisema "Ameni," kama muuguzi anayemkubalia mgonjwa wa akili, na macho yake hayakutoka mdomoni mwa Martha.

"Pumzika, mama," alisema alipomaliza. "Jumapili tutakufungua. Usiongee sana kwa sasa. Hatujui ni nani anaongea."

Kwa Bibi Luisa alimkuta Gladness amepiga magoti mlangoni, ameshasema yake. Bibi alikuwa anafunga furushi: sufuria mbili, vitenge, picha ya Mama Maria.

"Unakwenda wapi, bibi?"

"Mahurunga, kwa kaka yangu Silvio."

"Lakini wamekusafisha! Wote wamesikia!"

"Wamesikia kwa shetani, mwalimu." Alivuta fundo kwa meno. "Fadhili nilimpokea mie alipozaliwa. Kwa mikono hii. Leo kanitazama, hanijui. Mie siwezi kukaa nikingoja shetani wa wiki ijayo aniseme vizuri au vibaya."

Akamgeukia Gladness. "Na wewe. Wangekuuliza tena kesho, mkono kichwani, ungenitaja?"

Gladness alifikiri. Martha aliomba moyoni aseme hapana.

"Sijui, bibi," alisema.

"Afadhali umesema kweli." Hakumshika kichwa, hakumpa mkono. Lakini msichana alipolichukua furushi akajitwisha, hakumzuia.

Waliongozana watatu mpaka barabarani, mtoto mbele, bibi katikati, Martha nyuma. Watu walikuwa wamesimama kando, na kadiri walivyokaribia, watu walipisha njia. Martha alitaka kuwapigia kelele, awaambie aibu yenu, mama wa watu huyu, mmeshasikia hana kosa. Kisha akaona bibi anapita na mzee mmoja anamvulia kofia, na mwanamke mmoja anamwambia pole. Alipofika yeye ndipo wanawake walipowavuta watoto wao, wakawafunika nyuso kwa vitenge.