Robo Tatu ya Nyumba ya Matonya

Mwaka ule reli ilipokuwa inaikaribia Dodoma, mimi Bashiri nilikuwa karani wa chanjo katika boma la Wadachi, yaani Wajerumani, pale Mpwapwa, na majivuno niliyokuwa nayo yangejaza kanzu mbili. Sababu ilikuwa hesabu. Makarani wenzangu walijua kuandika majina ya watu. Mimi nilijua asilimia.

Daktari alinifundisha mwenyewe. Ndui ilikuwa imeingia vijijini, na dawa iliyoletwa kutoka pwani ilitosha asilimia sabini na tano tu ya watu. "Yaani sabini na tano katika kila mia," alisema. Nikamuuliza, na nyumba isiyo na watu mia? Akaandika 75 juu ya 100, akagawanya juu na chini kwa 25, ikabaki tatu juu ya nne. Chini yake akaandika 0.75. Sura tatu, akasema, thamani moja. Kila nyumba ipate robo tatu yake, isizidi hata mtu mmoja. Nililala na hesabu hiyo kichwani kama bwana harusi.

Nyumba ya Mzee Matonya ilikuwa mwendo wa nusu siku, njia ya kwenda Chamwino. Nilifika jua likiwa utosini. Ilikuwa tembe ndefu ya udongo yenye mlango mmoja, na mlangoni ilining'inia ngozi ya ng'ombe. Hapakuwa na sauti ya mtu wala ya mbuzi.

"Shikamoo, mzee. Mko wangapi humu?"

"Marahaba. Kwetu watu hawahesabiwi kwa kidole wala kwa mdomo," alinijibu. Akaingia ndani akatoka na kibuyu, akanimiminia mbegu za maboga kiganjani. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na mbegu yake.

Zilikuwa nane. Nane mara 0.75 ni sita. Nikamwambia nitachanja sita, wa kwanza hadi wa sita.

Alikuwa na sharti jingine. Mtu wa nyumba yake akikatwa na mgeni, uso wake haufunuliwi. Wangekaa ndani kwa kufuatana, kila mmoja apitishe mkono chini ya ngozi. Nilikubali haraka, nani abishane na mzee kwenye jua lile?

Alianza yeye, akafuata mkewe, kisha vijana wao wawili. Mikono minne, yenye jasho na vumbi. Mkono wa tano ulikuja polepole. Ulikuwa wa mwanamume mzima, na ulikuwa baridi kama mtungi uliolala na maji. Nilichanja, damu haikutoka. Nikajiambia kisu kimeanza kuwa butu. Wa sita ulikuwa wa mwanamke, mwembamba, baridi ileile, na kwenye kucha zake kulikuwa na udongo mwekundu uliokauka. Nywele zilinisimama, nasema kweli. Lakini nilichanja, nikaandika sita katika nane, nikafunga mkoba.

Hapo ngozi ikafunuliwa, akatoka mama mmoja kijana amembeba binti wa miaka mitatu hivi. Alikuwa Dorkasi, mkwe wa mzee, na mtoto ni Emilia.

"Na sisi, karani?"

"Sita wameshapata, mama. Ninyi ndio robo iliyobaki."

"Sita gani? Humu tuko sita, pamoja na huyu!" Akamwinua mtoto nimwone. "Nilikuwa wa tano mimi. Nilisogea, nikasukumwa gizani. Nilisikia harufu ya mume wangu."

Mume wake alikuwa amekufa kwa ndui mwaka uliopita, na dada yake mume vilevile. Nilimgeukia Matonya, hasira imenipanda. Mzee hakuona haya hata kidogo. Mvua haijanyesha tangu wazikwe, alisema, na marehemu wa nyumba yake hatolewi kibuyuni mpaka mvua inyeshe. "Wanangu ndio waliouawa na ugonjwa huu. Dawa imekuja, nao wasionje?"

Daktari alinifundisha kugawanya. Hakunifundisha kuuliza kwanza: asilimia sabini na tano ya nani?

Dorkasi alipiga magoti. Kwenye mkoba nilikuwa na dawa ya watu watatu, nayo ilikuwa ya nyumba ya Yotham, mbele kidogo, imeshapigiwa hesabu. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia kabisa kwamba isizidi. Emilia alikuwa akichezea kifungo cha kanzu yangu, nami nikautoa mkono wake nikaenda zangu.

Bomani, daktari aliisoma taarifa yangu, akanipigapiga begani. Sita juu ya nane, sawasawa. Ningenyamaza, yangeisha. Nilinyamaza siku tatu. Kila nilipoandika namba, niliikumbuka ile baridi vidoleni. Nikajaribu hesabu ya kweli kwa siri: wanne katika sita, mbili juu ya tatu. Nikaigeuza kuwa desimali. Sifuri nukta sita, sita, sita, sita. Nilijaza mstari, nikajaza ukurasa, nayo haikukubali kwisha.

Siku ya nne nilimweleza daktari yote. Hakucheka, wala hakuamini. Alipiga hesabu upya: robo tatu ya sita ni nne na nusu. Mtu hachanjwi nusu, kwa hiyo akapandisha ikawa watano. Nyumba ile inadai dawa ya mtu mmoja. Na kwa dawa ya watu wawili niliyoipoteza, akaniandikia hamsa ishirini. Askari alinicharaza viboko vyote ishirini na tano, nikalala kifudifudi siku mbili.

Siku ya saba nilikwenda kwa Matonya nikichechemea, kichupa kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Njia nzima nilikuwa nikisema jina la Emilia. Mmoja tu kati ya wawili, na nilijua mama yake atasema ni yupi.

Dorkasi alikuwa ameketi nje, hana mtoto mapajani.

"Homa ilimshika siku ya pili tangu ulipoondoka," alisema. "Tumemzika jana. Ulikuwa wapi, karani?"

Ningeweza kusema viboko. Ningeweza kusema daktari.

"Nilikuwa naogopa," nikasema.

Akakunja nguo begani. "Haya, chanja. Kuna wazee wa kupikiwa humu ndani."

Nikamchanja huku nalia, naye akanishikia kichupa ili kisianguke.