Akiishi, Nani Atakufa?

Shanell aliisubiri siku ile kwa hamu kuliko hata mtoto wake. Alipokuwa mdogo, hapohapo Memphis, Marekani, mashujaa wote wa sinema walikuwa Wazungu, naye kwenye michezo aliambulia kuwa mtu wa kuokolewa. Sasa imekuja filamu yenye shujaa wa kike, mweusi ti, nywele amesuka twende kilioni, anaruka angani na radi mikononi. Tamia, bintiye wa miaka minane, alipomwona kwenye bango aliuliza kama yule dada yupo kweli.

Jumamosi wakaenda. Tamia hakuzigusa bisi zake. Kila yule dada alipotokea, alimfinya mama yake mkono. Kisha, filamu ikiwa hata nusu haijafika, dada akajitupa mbele ya kombora ili kapteni wake, Mzungu, apone. Akafa. Kapteni akalia kidogo, akaenda kuiokoa dunia, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Garini Tamia aliegemeza kichwa kwenye kioo. Shanell akajidanganya kwamba ni usingizi.

Siku chache baadaye Paige, binti Mzungu wa nyumba ya pili, alikuja kucheza uani. Yeye na Tamia walikuwa chanda na pete. Shanell alikuwa jikoni anakaanga kambare. Alipochungulia dirishani alimwona mwanawe amelala chali kwenye nyasi, macho ameyafumba, Paige amepiga magoti anamlilia. Halafu Paige akainuka, akakimbilia vitani peke yake. Wakaanza upya. Tamia akafa tena.

Shanell alizima jiko akatoka. Aliwaomba kwa upole wabadilishane, safari hii Tamia awe kapteni. Paige alikubali palepale. Aliyekataa ni Tamia.

"Kapteni hafanani na mimi, mama. Mimi ni yule dada."

"Sawa, kuwa yule dada. Ila leo asife."

Tamia alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwelewesha mgeni.

"Sasa akiishi, nani atakufa?"

 Shanell alikaa kwenye nyasi na sare yake ya kazini, akakipakata kichwa cha mwanawe. Paige akauliza kama waendelee. Tamia akaitikia, kisha akamwomba mama yake asogee kidogo, maana hapo alipokaa ndipo yeye anapoangukia.