Darasa Lisilobanduliwa Nailoni

Asubuhi ya siku ya wageni, fundi wa maabara alianza kazi kwa kufuta nailoni. Alifuta ile iliyovishwa viti, kisha ya meza, kisha ya skrini kubwa ya kugusa iliyochukua nusu ya ukuta. Mwisho alifuta wanafunzi. Hao hawakuwa na kazi kubwa, walihitaji tu kupanguswa vumbi mabegani na kwenye kope.

"Shikamoo, baba," alisema binti wa mstari wa mbele.

"Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Wageni wamefika?"

"Wako njiani."

Huyo alikuwa binti yake wa kumzaa, wa miaka kumi na tisa, na alikuwa na miaka hiyo hiyo tangu chuo kilipopata ufadhili. Mdogo wake, aliyekuwa darasa la nne wakati huo, sasa alikuwa mkufunzi wa hisabati hapo hapo chuoni, mtu mzima mwenye ndevu na kitambi kinachoanza. Kila dada yake alipomwona dirishani alimuuliza kama amemaliza kazi ya nyumbani. Naye, kwa heshima, alimjibu kwamba bado kidogo.

Mambo yalianza kwa nia njema, kama yanavyoanza mengi. Kilikuwa chuo cha ualimu cha umma, chenye mabati yaliyoshika kutu na madawati ya kubananiana watu watatu. Wafadhili wakaleta skrini, vishikwambi na kiyoyozi, wakaomba wachaguliwe wanafunzi hodari. Siku ya uzinduzi binti wa fundi alisimama, akagusa picha ya moyo kwenye skrini, moyo ukaanza kudunda, naye akaeleza damu inaingilia wapi na inatokea wapi bila kubabaika hata neno moja. Wageni walipiga makofi. Mama mmoja miongoni mwao akamshika mkono mkuu wa chuo, akasema anatumaini wakirudi watalikuta darasa hivi hivi.

Mkuu wa chuo alikuwa mtu wa kushika neno la mgeni. Alipiga marufuku kubandua nailoni, akawaambia wanafunzi wasiinuke, maana wageni wangerudi wiki ya pili. Wageni wakaahirisha, wakaahirisha tena. Walipokuja ulikuwa mwaka mwingine, na wanafunzi walikuwa pale pale, nywele hazijaongezeka, vyakula walivyoletewa na wazazi vimepangwa nje ya mlango bila kuguswa. Wageni walifurahi mno kukuta vifaa havina hata mkwaruzo. Mradi ukaongezewa muda.

Madarasa mengine yaliendelea na chaki, zilipopatikana.

Mke wa fundi hakulizoea jambo hili. "Mwanangu si kochi la wageni," alimwambia mkuu wa kwanza, akamwambia wa pili, akamwambia na wa tatu. Kila mmoja alimkaribisha kiti na kumjibu kwa upole kwamba mradi ukifungwa, kila mzazi atamchukua mwanawe. Naye akarudi nyumbani, kwenye kabati lenye sahani za maua ya buluu ambazo tangu aolewe hakuna mtu wa nyumba ile aliyewahi kuzilia chakula. Aliziangalia, akaona haya kidogo, akafunga kabati.

Siku hii ya leo ndiyo iliyokuwa ya kufunga mradi. Kabla fundi hajatoka nyumbani, mkewe alizishusha zile sahani, akaziosha moja moja.

"Leo mgeni ni yeye," alisema.

Wageni walifika saa nne. Binti alisimama, akagusa moyo, moyo ukadunda. Makofi yakapigwa. Yule mama wa siku ya kwanza, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alisema darasa amelikuta hivi hivi. Walipokwenda kunywa chai, mkuu wa chuo alimvuta fundi pembeni. Mradi umeongezwa, alisema, na safari hii litajengwa darasa la pili.

"Na watoto?" fundi aliuliza.

"Wafadhili wanataka mwendelezo. Tukiwatoa hawa, tutaonyesha nini?"

Ufunguo wa darasa lile ulikuwa mfukoni mwa fundi miaka yote. Hilo ndilo lililomla roho kuliko yote: kwamba hakuna aliyemzuia ila yeye mwenyewe, na utii wake, na kuogopa kwake kibarua kuota nyasi. Magari ya wageni yalipotoka getini alipiga moyo konde, akaingia, akapiga magoti nyuma ya kiti cha binti yake na kubandua nailoni kwenye pembe.

Binti alishusha pumzi.

"Baba, nina njaa."

"Twende nyumbani. Mama yako amepika."

"Nina njaa sana, baba."

Midomo yake ilipasuka. Mashavu yakazama, vidole vikakonda mpaka kucha zikaonekana kubwa. Ilikuwa njaa ya miaka yote ile, nayo ilikuja kwa mkupuo. Fundi aliutazama mlango, akapima kwa macho safari ya kumbeba mpaka pale, akaona kwamba angefika na mifupa. Akairudisha nailoni, akaigandamiza kwa viganja vyote viwili, akaizungushia utepe wa gundi. Mashavu ya binti yakajaa tena.

"Mwambie mama aniwekee," alisema, akaigeukia skrini.

Fundi alikwenda kumweleza mkuu wa chuo. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ndiyo maana tulisema isibanduliwe," akasema, akaendelea na kazi zake.

Nyumbani meza ilikuwa imeandaliwa kwa watu wanne. Fundi alisimulia yote, hakuficha kitu. Mkewe alipakua sahani ya binti, akaifunika kwa nyingine, akaiweka mahali pake. Ndipo mkufunzi wa hisabati akasema kwamba darasa la pili linataka na mwalimu ndani, na ameteuliwa yeye.

"Usiingie," baba yake alimwambia. "Si nimekwambia nilichokiona leo?"

"Nimesikia, baba. Lakini nafundisha watu sabini kwa kipande cha chaki, wa nyuma hawaoni ubao. Mkataba wangu unaisha, na mwingine ni huo tu. Halafu nitakuwa jirani na dada."

Usiku wa kuamkia siku yake ya kuingia, mama yake alimpakulia kwenye sahani ya maua ya buluu, akamwongeza, akamwongeza tena, mpaka mtu mzima yule akaomba basi. Mama hakusikia. Alikuwa analia na huku anapakua.

Siku ya wageni iliyofuata fundi alikuwa na madarasa mawili ya kufuta. Alimaliza la kwanza, akahamia la pili, lililokuwa bado linanuka rangi. Alifuta viti, meza, skrini, wanafunzi. Mwalimu alikuwa amesimama mbele, mkono umeinuliwa kuelekea kwenye skrini.

"Dada hajambo?" aliuliza.

"Hajambo. Anauliza kama umemaliza kazi ya nyumbani."

"Mwambie bado kidogo."

Fundi akampangusa vumbi kwenye ndevu, akaenda kufungua mlango, na wageni wakaingia.