Saini za Waliolala

Jumanne saa tatu asubuhi, kabla kisu hakijagusa ngozi, Manang Luring, nesi mkongwe wa chumba cha upasuaji, alisoma kadi. Ndiyo sheria ya humo: wote wasimame, litajwe jina la mgonjwa, ugonjwa, kisha jina la mpasuaji. Mgonjwa alikuwa mchuuzi wa samaki mwenye kidole tumbo, ameshalala, mrija kooni.

"Mpasuaji, Daktari Anton Villaruz."

Daktari Anton alikuwa kantini. Mezani alisimama Doktora Perlita Dumlao, anayesomea upasuaji mwaka wa nne kama Anton. Kadi ilimwita msaidizi.

"Si kweli," mgonjwa alisema. "Ni huyu binti."

Daktari wa usingizi akakagua mashine. Mapigo sawa, usingizi mzito. Akaandika: mgonjwa amesema. Manang Luring akamkabidhi Perlita kisu.

Tangu siku hiyo wote walisema. Mkulima wa tumbaku alisema akitolewa ngiri. Mtawa mmoja alitaja mpaka saa aliyotoka Anton. Wakizinduka hawakukumbuka neno.

"Waliolala wanasema, wewe uliye macho umenyamaza," Manang Luring alimwambia Perlita wakinawa.

"Sijanyamaza, Manang. Nahesabu."

Ili afanye mtihani wa mwisho alihitaji upasuaji hamsini kwa jina lake. Mikono yake ilikuwa imefanya mia moja arobaini na tatu. Daftari la idara lilimpa tisa. Uliobaki ulikuwa wa Anton, maana ratiba aliipanga mkuu wa idara, na mkuu wa idara ni mjomba wake Anton. Kabla ya Anton alikuwa mtoto wa meya. Kabla yake, mkwe wa mkurugenzi. Manang Luring anawajua wote tangu mwaka wa tetemeko, na anawajua pia waliowafanyia kazi: mmoja anauza bima, mwingine ni nesi Riyadh.

Perlita akaanza kuingia na daftari lake mwenyewe. Akishamaliza kushona na kufunga bandeji, aliweka kalamu kwenye vidole vya mgonjwa. Mgonjwa, bado usingizini, aliandika jina lake kamili, na chini yake: *aliyenipasua ni Dumlao.* Wiki zikapita. Kufikia Alhamisi, siku moja kabla daftari la idara halijafungwa, alikuwa na saini thelathini na tano. Pamoja na zile tisa za idara, zilipungua sita.

Ijumaa asubuhi akaja zamuni na sinia la pancit. Hospitali nzima inajua kwamba tambi hizo zikiliwa zamuni, wagonjwa humiminika. Hata wafagiaji hawazigusi.

"Nani kaleta pancit?" Anton alifoka mlangoni.

"Mimi."

"Una wazimu? Unatuitia mkosi!"

"Kula, Daktari. Zipo za kutosha."

Anton akaumwa kichwa, akaenda kwao. Kabla ya adhuhuri vidole tumbo sita vilikuwa vimepanga foleni koridoni, na wenyewe wakilalamika kwamba jana walikuwa wazima. Perlita aliwapasua mmoja baada ya mwingine. Wote walipona. Wote walitia saini.

Jumatatu kamati ilikaa. Mkuu wa idara alizisoma saini zote arobaini na moja kwa makini, miwani puani.

"Hatukatai kwamba walisema," alisema. "Mmoja alinisahihisha hata mimi. Lakini saini ya mtu aliyelewa dawa haina nguvu, binti yangu."

"Basi waulizeni wakiwa macho."

"Wakiwa macho watajuaje? Walikuwa wamelala."

Wajumbe wakatikisa vichwa kukubali. Ikapitishwa kadi isomwe koridoni, mgonjwa akiwa bado macho, kwa utulivu wa kazi. Anton akapelekwa mtihanini. Perlita akapewa fomu ya kurudia mwaka wa nne. Penye nafasi ya sababu palishachapwa: *uzoefu haba.*

"Wengi wakifika hapa hutuaga," mkuu alisema kwa upole. "Si aibu."

Perlita alisoma fomu mpaka mwisho, akaitia saini, akaandika na saa, na kwamba alikuwa macho.

Alipoingia chumba cha upasuaji, ratiba ilikuwa na jina jipya, la mpwa mwingine wa mkuu. Mezani mwanamke mwenye mawe kwenye nyongo alikuwa ameshalala usingizi wa dawa. Manang Luring alikuwa akipanga visu, kadi imeshasomwa nje.

"Umebaki?" mgonjwa aliuliza.

"Nimebaki," Perlita alisema, akapasua.